Moyo wa Karatasi, Ghorofa ya Tatu

Saa tisa alasiri tu, na hapa Aalborg jua limeshafunga duka.
Solvej anakuja saa kumi na moja.
Mama yake atamshusha mlangoni bila kuzima gari,
naye atapanda ngazi na begi mgongoni
kama mtu anayepita njia.

Nyumba niliyopanga ina kitanda, ina meza,
ina taa moja isiyo na kofia.
Ukutani, misumari ya mpangaji aliyenitangulia,
minne, haijashika kitu.

Mimi ni fundi wa lifti.
Nimening'inia kwenye shimo la ghorofa kumi na nne, tochi mdomoni,
nikakaza kamba ya chuma inayobeba watu wanane,
wala sikutoka jasho.
Leo mkasi wa jikoni unanitetemesha.

Karatasi nyekundu: tangazo la duka, bata kwa bei ya kutupa.
Karatasi nyeupe: barua ya halmashauri,
ile inayoanza *Kufuatia kutengana kwenu*.
Mgongo wake haujaandikwa. Utafaa.
Nikakunja kila moja katikati, maandishi ndani,
ncha nikaiviringa kwa kufuata ukingo wa kikombe,
nikakata mikanda minne huku, minne huku.
Nikasuka: juu, chini, juu, chini.
Nikapata kitu bapa, kimezibana pande zote,
moyo usiofunguka hata kwa kisu.

Nikatukana. Kwa sauti, nadhani,
maana Bi Ingelise wa ghorofa ya pili alipanda na ndara zake,
akautazama, hakucheka, akavuta kiti.

"Si juu na chini," akasema. "Ndani.
Huyu aingie tumboni mwa yule,
kisha huyohuyo afunguke, mwenzake aingie kwake.
Aingie, apokee. Aingie, apokee.
Ukisahau zamu ya kupokea, umeharibu."

Alikuwa anazungumzia karatasi.
Nilimwangalia mara mbili kuhakikisha.

Mkanda wa mwisho ndio mkaidi, nafasi imekwisha,
kila mmoja ameshajibana na jirani yake.
Nikausukuma kwa kidole gumba cha fundi,
ukachanika kwenye kona.
Nikamtolea macho ya kuomba msaada.
"Huo ni wako," akasema. "Mimi ninayo sitini kwenye bati la biskuti."
Akashuka.

Kengele.
Theluji kwenye kofia, pua nyekundu, begi halijavuliwa.
Aliuona kabla hajaniona.

"Umepinda."
"Ndiyo."
"Mama yeye hutumia..." Akanyamaza,
akavua kiatu kimoja, akasahau cha pili.

Akautanua mdomo wa moyo, maana huu ni moyo wa kutilia vitu,
akachungulia ndani.
Mkasi ulikuwa umeikata ile barua, ukabakiza neno moja.
Akalisoma herufi kwa herufi, ndiyo kwanza anajua kusoma:
"Kwe-nu. Kwenu."
Akatazama taa, meza, misumari.
Sikumwambia lilikotoka.

Kisha akatia zabibu kavu tatu.
Ya kwanza ikakaa. Ya pili ikakaa.
Ya tatu ikapenya kwenye ule mchaniko, ikabingirika hadi chini ya jiko.

"Baba. Moyo wako unavuja."

Nikasema nitautafutia gundi, na gundi sina.
Hakungoja. Alichukua mabaki ya tangazo,
paja la bata na nusu ya bei,
akakunja, akakata, ulimi kwenye kona ya mdomo,
akasuka upesi kama anayefunga kamba za viatu:
kamoyo kadogo, ka mikanda miwili miwili.
Akakatumbukiza ndani ya ule wangu, akakabonyeza kwa ngumi.

"Sasa una bitana," akasema.

Tumeutundika kwenye msumari wa karibu na dirisha.
Umeinamia kushoto. Kila jiko likiwaka, unageuka kidogo,
mara bata, mara weupe.

Misumari mitatu imebaki. Ameihesabu.
"Wiki ijayo," akasema, shavu limejaa zabibu,
"ununue karatasi ya kweli."